Nani Amebaki na Watoto?

Katika safari yetu ya kusini mwaka huu tulisimama Ndundu, pale Daraja la Mkapa linapovuka mto Rufiji. Wenye umri mkubwa wapakumbuka mahali hapo kwa taabu yake. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2003, kusema Ndundu ilikuwa ni kusema kungoja: magari ya Lindi na Mtwara yalipanga mstari kungojea pantoni, na mto ukifurika abiria walilala ukingoni. Siku hizi gari lamaliza mita 970 za daraja kwa dakika moja tu, na wengi wapita bila kujua wamepita wapi. Sisi hatukusimama kwa hekima yoyote. Gurudumu lilitoboka.

Fundi alipokuwa akiziba mpira, tuliketi kivulini pamoja na akina mama waliokuwa na mizigo yao: masufuria, mikeka, madumu ya maji, unga, na kuku wawili waliofungwa miguu. Ulikuwa wakati wa kuhamia bondeni. Msomaji asiyeijua Rufiji na afahamu kwanza desturi hii, maana neno letu la leo limesimama juu yake. Mashamba ya mpunga yamo bondeni, katika udongo uletwao na mafuriko; lakini vijiji vingi viko juu, tangu Serikali ilipowahamisha watu kutoka bondeni baada ya mafuriko ya mwaka 1968. Shule iko juu, zahanati iko juu, mpunga uko chini. Na mpunga unapoanza kuchanua, ndege, nyani na nguruwe hawajui Ijumaa wala Jumapili. Basi wenye mashamba hushuka, hujenga dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, wakakaa humo majuma mengi wakiamia mazao yao. Watoto wa shule hubaki juu.

Mmoja wa akina mama wale alikuwa na binti yake, mtoto wa miaka kumi hivi, na ilikuwa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Tukamwuliza, kama ilivyo ada ya mapadre kuuliza yasiyowahusu, mbona mtoto hayuko shuleni. Akajibu, "Baba, nimwache na nani?" Mwenzake akacheka, akatuambia kwamba huyu tangu alipohudhuria mkutano wa ustawi wa jamii hana raha tena, kila mtu kwake amekuwa fisi. Yule mama hakucheka. Akasema, "Zamani tulikuwa tunaogopa mamba. Mamba, unajua yuko mtoni."

Maneno hayo hayajatutoka tangu siku ile, nasi twadhani hayakusemwa kwa ajili ya Ndundu peke yake. Wazazi wengi, wa mjini na wa shamba, wamekwisha kutuandikia au kutuambia jambo hilohilo kwa maneno mengine. Wamesikia ya kwamba watoto wananajisiwa. Wamesikia kwa redio, kwa mwalimu, kwa jirani, kwa ujumbe wa simu uliopita mikono mia. Na sasa hawajui la kufanya na habari hiyo. Wamepewa hofu, hawakupewa mwongozo.

Watu wa Rufiji si wageni wa hofu. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba mmoja aliua watu wapatao 35 katika vijiji vya huko, hata naye akauawa mwezi Aprili 2004. Alipochunguzwa alikutwa na jipu kubwa kwenye jino lake. Kisha ikaja miaka ya 2015 hadi 2017, walipouawa viongozi wa vijiji na askari katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, na mtu akaogopa kuketi barazani kwake baada ya magharibi. Na mafuriko makubwa ya mwaka 2024 wote twayakumbuka. Katika hofu hizo zote mzazi alijua wajibu wake: amwite mtoto, amwingize ndani, afunge mlango, au ampandishe mahali pa juu. Hofu hii mpya yamnyang'anya mzazi mlango wake. Maana yamwuliza: na kama yule wa kuogopwa yumo ndani?

Wako wasemao kwamba mambo haya hayakuwako zamani, kwamba yameletwa na picha chafu za simu na watu waliopotewa na dini. Hatukubaliani nao. Kwamba simu zimeongeza maovu, ni kweli. Lakini uovu wenyewe ni mkongwe, na wazee wetu waliujua; ila waliusema kwa sauti ya chini, nyuma ya nyumba, na aghalabu yule aliyeondolewa nyumbani akapelekwa kwa shangazi wa mbali alikuwa ni mtoto, siyo mkosaji. Kipya ni kujua. Mwaka 2009 vijana wa miaka 13 hadi 24, Bara na Visiwani, waliulizwa habari za utoto wao katika uchunguzi wa taifa zima, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Katika kila wasichana kumi, karibu watatu walisema kwamba walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Katika kila wavulana saba, mmoja. Nusu hivi ya wasichana hao hawakuwahi kumwambia mtu yeyote, na wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi.

Mzazi akisoma hesabu hiyo bila kuogopa, tungemshangaa. Hofu ya namna hiyo si upungufu wa imani. Ni macho ya upendo yaliyofumbuka. Tunalolishitaki sisi si hofu, bali ni mahali inapotazama.

Maana twaona ya kwamba wengi, wakiisha kusikia, hutazama barabarani. Huko Ndundu akina mama walimtaja kwanza dereva wa lori, kisha kijana wa bodaboda, kisha wale wanaokuja kufanya kazi za muda na kuondoka. Mwanzoni mwa mwaka 2019, watoto walipouawa kikatili katika mkoa wa Njombe, hofu ilienea hata mikoa isiyopakana nao, na wazazi wakawa wakiwasindikiza watoto shuleni na kumtazama kila mgeni kwa jicho la pembeni. Hatuwalaumu; nani asingefanya hivyo? Wala hatusemi kwamba mgeni hadhuru. Katika uchunguzi ule tulioutaja wageni walitajwa. Lakini walitajwa pia majirani, na ndugu, na wachumba, na watu wenye mamlaka juu ya mtoto. Na mahali palipotajwa mara nyingi palikuwa nyumba ya mtu. Nyumba yenye mlango na kitanda na mwenyeji anayejulikana kwa jina. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi tumeichukua methali hiyo tukaitumia kwa mambo ya siasa na biashara, tukasahau kwamba nguo ya kwanza ya mtu ni jamaa yake.

Sasa tazameni yanayotokea hofu ikitazama upande mmoja tu. Msichana hukatazwa kwenda kisimani, hukatazwa kwenda kwaya, mwishowe hutolewa shule kwa sababu njia ni ndefu. Akawekwa ndani ya nyumba siku kutwa, na katika nyumba hiyo hiyo ana binamu mkubwa asiye na kazi. Au huozwa upesi ili apate ulinzi wa mume. Tumekutana na baba aliyetuambia hivyo kwa moyo safi kabisa: ya kwamba heri mume mmoja wa halali kuliko maadui kumi wa njiani. Binti alikuwa darasa la saba. Hakuona kwamba alilokuwa akiliogopa ndilo alilokuwa akilifanya kwa mkono wake mwenyewe, na mahari juu. (Sheria ya nchi tangu mwaka 2016 yampa kifungo cha miaka 30 anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari. Tulimweleza hivyo, naye akatuuliza kama sheria hiyo italala nyumbani kwake imlinde mtoto. Hatukupata jibu zuri papo hapo.)

Na mvulana je? Hapo hofu yetu imelala usingizi. Mama wa Ndundu alikuwa na binti mmoja mkononi. Alikuwa pia na mwana wa miaka kumi na miwili, naye amekwenda na mjomba wake dago, kambi ya wavuvi huko delta. Tulipomwuliza kama anamwogopea huyo, akatutazama kama watu tuliouliza jua linachomoza upande gani. Yule ni mwanamume. Twasema kwa upole, lakini twasema: mtoto wa kiume ni mtoto. Kambini hulala watu wazima kumi na wavulana wawili chini ya paa moja, na usiku ni mrefu, na pombe haikosi njia ya kufika. Wengi wa wavuvi hao ni watu wa haki, wenye watoto wao. Lakini katika kila wavulana saba, mmoja. Na yule mmoja hana hata neno la kusemea yaliyompata, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yaweza kumpata. Akisema, atachekwa. Basi hasemi. Huwa mkali, au hulowesha mkeka akiwa mkubwa, au huacha shule, nasi twasema ameharibiwa na makundi.

Iko hasara nyingine ya hofu isiyo na mwongozo, nayo ni kuvunjika kwa ujirani. Zamani mtoto akikosea njiani mzee yeyote alimkemea, na akifika nyumbani akaongezewa. Wengine wetu tuliongezewa sana. Leo mzee yule afikiri mara mbili, asije akaulizwa ana nini na mtoto wa mwenziwe. Mwalimu kijana aogopa kumshika bega mwanafunzi aliyefiwa. Baba mmoja mpole alituambia kwamba ameacha kumpakata binti yake wa miaka minne mbele za watu. Huo si ulinzi. Mwenye kumwogopa kila mtu hamtazami mtu yeyote sawasawa, na mdhalimu hujificha vizuri zaidi mahali ambapo wote wanashukiwa kwa kiasi kimoja, kwa sababu huyo ndiye ajuaye kujifanya mwema kuliko wema wenyewe. Yeye ndiye ampeleka mtoto hospitali bila kuombwa. Yeye ndiye aliye tayari kubaki na watoto kila mara, bila kudai chochote.

Kwa upande wa Maandiko Matakatifu, twakumbuka mambo mawili.

La kwanza lajulikana na kila mkatekumeni. Mwinjili Luka aeleza jinsi Yosefu na Bikira Maria walivyorudi kutoka Yerusalemu wakaenda mwendo wa siku nzima, wakidhani mtoto yumo katika msafara, kwa jamaa na rafiki zao. Wala hawakuwa wazazi wazembe. Walidhani kama tunavyodhani sote: yuko na ndugu zetu. Ilipofika jioni wakamtafuta, wasimwone. Wakarudi, wakatafuta siku tatu. Aghalabu sisi wahubiri hukimbilia jibu la Mtoto Hekaluni, tukapita juu ya siku hizo tatu kana kwamba hazikuwa na usiku. Lakini hofu ile ilikuwa hofu ya kweli, na Mama wa Mungu hakuificha. Alipomwona mwanawe alimweleza uchungu wake waziwazi, akamwuliza sababu, kisha akakaa kimya akasikiliza jibu, hata jibu asilolielewa. Ni wazazi wangapi kwetu wamwulizao mtoto swali, kisha wakangojea jibu?

La pili halisomwi mara nyingi kanisani, na twajua sababu. Limo katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 13. Tamari binti Daudi hakuharibiwa na askari wa adui wala na mpita njia. Aliharibiwa na Amnoni, kaka yake wa baba mmoja, nyumbani kwa kaka huyo, alikopelekwa na baba yake mwenyewe kumpikia mgonjwa. Naye Amnoni hakuwa mgonjwa wa kitu ila tamaa. Msichana alikataa, tena kwa maneno ya busara. Alipotoka alipaza sauti, akararua vazi lake, akajipaka majivu kichwani: hakuficha. Kaka yake mwingine, Absalomu, aliyempenda, ndiye aliyemwambia anyamaze kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu. Na baba yao mfalme aliposikia alikasirika sana. Alikasirika, basi. Hakumwita Amnoni, hakumwuliza Tamari, hakufanya neno. Miaka miwili ikapita nyumba ikiwa kimya, na kimya kile kikazaa mauaji, na mauaji yakazaa vita ya mwana na baba. Tamari mwenyewe Maandiko yamwacha nyumbani kwa Absalomu, amebaki mkiwa.

Wasomaji wapendwa, twaijua nyumba ile. Ni nyumba yetu. Ni pale wazee wa koo mbili wanapokutana usiku, akaletwa mbuzi, zikahesabiwa shilingi, ikasemwa kwamba tusiaibishane, ni ndugu, tuyamalize nyumbani. Yote yamalizwa isipokuwa ya mtoto. Kesho yake yampasa kumsalimu shikamoo yule yule. Kosa hili si deni kati ya koo na koo hata lilipwe kwa mbuzi. Ni jinai, na hakuna mzazi mwenye mamlaka ya kulisamehe kwa niaba ya mwili wa mtoto wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamwagiza mtu yeyote katika jamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa, apeleke habari kwa wenye madaraka wa mahali pake. Na sheria yetu ya ushahidi yamruhusu hakimu, katika makosa ya namna hii, kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto peke yake, iwapo ameridhika ya kwamba mtoto asema kweli. Hakimu asiyemjua mtoto aweza kumwamini. Sisi tuliomzaa twamwambia asituletee aibu.

Yatupasa sasa tuseme na letu, maana haifai mhubiri kuonyesha nyumba za watu akaifunika yake.

Kanisa limekuwa na aibu hiyo hiyo. Tangu magazeti ya Boston, huko Marekani, yalipofunua mambo mwaka 2002, nchi moja baada ya nyingine imeonekana kuwa na mapadre waliowadhulumu watoto, na maaskofu waliowahamisha mapadre hao kutoka parokia hii hadi ile, wakidhani wanaliokoa jina la Kanisa. Ni dhambi ya mzee Eli, aliyeyajua ya wanawe makuhani, akawakemea kwa mdomo, akawaacha madhabahuni. Mwezi Februari 2019 marehemu Baba Mtakatifu Fransisko aliwakusanya Roma wakuu wa mabaraza ya maaskofu wa dunia nzima kwa neno hilo moja, na mwezi Mei akatoa sheria, Vos estis lux mundi, inayomlazimisha kila padre na mtawa anayepata habari ya dhuluma hiyo kuipeleka kwa wakuu bila kukawia, na kila jimbo kuwa na njia iliyo wazi ya kupokea mashtaka. Isisemwe kwetu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Mwili ni mwili, na kanzu haibadili damu. Basi mzazi anayeuliza nani atakuwa na watoto katika semina ya kipaimara, watalala wapi, na kama kuna mama mtu mzima pamoja nao, huyo hamtukani padre. Na padre anayekasirika akiulizwa hivyo, aulizwe mara ya pili.

Tena liko letu wenyewe, nalo si la Boston. Tulipokuwa bado frateri, katika mwaka wetu wa uchungaji, mtoto mmoja wa mafundisho alibaki nyuma wenzake walipokwenda. Akazungukazunguka, akafuta ubao ambao ulikuwa safi, kisha akasema kwamba hapendi kurudi kule anakokaa. Alikuwa amewekwa kwa jamaa apate kusoma. Tukamwuliza kwa nini. Akanyamaza, akatazama chini. Na sisi, tuliokuwa tumefaulu mtihani wa teolojia ya maadili kwa alama nzuri, tukamwambia kwamba mtoto mwema huwatii wakubwa wake. Akasema ndiyo, akaenda. Baada ya majuma machache hakuonekana tena, tukaambiwa amehamishwa. Hatujui lililompata, na yamkini halikuwapo neno. Lakini twajua kwamba alikuja kwetu na nusu ya sentensi, nasi tukaifunga kwa amri ya nne ya Mungu.

Kwa hiyo tukisema kwamba wazazi wajifunze kusikiliza, hatusemi kutoka juu ya mimbari. Amri ya kuwaheshimu wazazi haikutolewa ili iwe kamba ya kumfungia mtoto. Mtoto na afundishwe kwamba kutii kuna mpaka, na mpaka huo ni mwili wake. Kwamba aweza kusema sitaki hata kwa mjomba, hata kwa mwalimu, hata kwa padre. Afundishwe majina ya viungo vyake mapema, na mama au baba yake, bila kicheko wala fimbo. Kwetu kazi hiyo huachiwa jando na unyago, nayo ina heshima yake, lakini hufika mtoto akiwa amekwisha pita umri ambao wengine wamekwisha dhurika. Zaidi ya hayo afundishwe neno moja jepesi: siri ambayo mtu mzima amekataza kumwambia mama, hiyo ndiyo ya kumwambia mama kwanza. Na ili aweze kusema makubwa, yafaa awe amezoea kusikilizwa katika madogo, kalamu iliyopotea, ugomvi wa mpira, ndoto mbaya. Mtoto hupima daraja kwa jiwe dogo kabla ya kulipita.

Akisema, aaminiwe. Asihojiwe kama mshtakiwa, wala asirudishwe arudie habari mbele ya kila shangazi. Asiogeshwe, na nguo zake zisifuliwe, kabla hajaonwa na mganga. Na apelekwe upesi, kwa kuwa dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa tu ikianza ndani ya saa 72. Katika polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Na namba 116 hupigwa bila malipo, hata na mtoto mwenyewe. Twajua ya kuwa kutoka dungu la bondeni hadi kituo cha polisi ni safari, na nauli ni fedha, na mara nyingine mwenye kupokea mashtaka ni rafiki wa mshtakiwa. Hayo nayo ni ya kusemwa, nasi tutayasema siku nyingine kwa wanaohusika.

Turudi Ndundu. Fundi aligundua tundu la pili, kwa hiyo mazungumzo yakaendelea. Mama mmoja mzee, ambaye hadi hapo alikuwa akichambua dagaa bila kusema, akatuuliza tumekwisha kusema nini, maana yeye aliona tumezungumza sana na mtoto bado hana pa kukaa. Kisha akasema neno lake. Wako wanawake watano wenye mashamba yaliyopakana. Kwa nini kila juma wasibaki wawili huku juu na watoto wote, wa kike na wa kiume, katika nyumba moja, na wale watatu waamie mashamba yote matano? Juma la pili wabadilishane. Yule mama mwenye binti akauliza kwa nini wawili, kwani mmoja hatoshi. Mzee akajibu kwamba mmoja humlinda mtoto, na wa pili humlinda mtoto na yule wa kwanza. Wakacheka wote, na aliyecheka zaidi ni yule wa mwanzo, aliyesema kila mtu amekuwa fisi.

Akina mama hao karibu wote ni Waislamu. Wakristo huko ni wachache. Hakuna aliyeuliza kama watoto wa nyumba hiyo moja watakuwa wa chuo au wa kipaimara. Ubishi ulizuka juu ya jambo jingine kabisa: shamba la nani liko mbali zaidi na lina ndege wengi kuliko mengine, na kama mwenye shamba hilo si atakuwa amewapunja wenzake. Tulipoondoka walikuwa hawajakubaliana. Yule binti alikuwa ameketi juu ya mzigo wa mikeka, amemshika kuku mmoja mapajani, akiwasikiliza wakubwa wakibishana ni nani atakayebaki naye.